Tupa Iliyokwisha Meno

Kilichokula fedha ya mjomba wangu katika banda lake la uhunzi pale Lizaboni, Songea, hakikuwa mkaa wala chuma. Ilikuwa tupa. Mkaa ulifika kwa baiskeli kutoka vijijini, na wachomaji wengi hawakudai fedha; waliacha gunia, wakaondoka na shoka lililopigwa upya. Chuma kiliokotwa kwenye magereji ya mjini, kwa sababu barabara ya Mbinga enzi hizo ilikuwa ya vumbi na mawe, na haikupita wiki bila lori kuvunja springi. Lakini tupa haikuokotwa. Ilitoka Dar es Salaam, ikapanda bei njiani, ikapanda tena ilipofika Songea, na mwenye duka hakutaka kusikia habari za kubadilishana na kisu. Mjomba alinunua tupa bapa mpya, akaitumia kwa mapanga machache, na meno yakawa yamelala. Tangu hapo iliteleza tu juu ya chuma cha springi, ikatoa mlio na isitoe unga.

Nasimulia mambo ya miaka ya tisini, nilipomaliza darasa la saba na mama akanipeleka kwa kaka yake ili nishike kazi. Banda lilikuwa la mabanzi, limeezekwa bati kuukuu lililotobolewa na cheche. Ukitoka nje asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Ndani kulikuwa na fuawe la kipande cha reli, lililoletwa kutoka Makambako inakopita TAZARA. Moto ulipulizwa na feni iliyozungushwa kwa rimu ya baiskeli, na kuizungusha rimu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza. Nyundo, koleo, jiliwa moja lililokuwa na taya zilizochakaa. Umeme haukuwapo. Songea nzima wakati ule ilitegemea mashine za dizeli za Tanesco, na mafuta yakichelewa au mashine ikilala, mji nao ulilala. Hata wale mafundi wa madirisha waliokuwa na waya hawakuweza kumwahidi mteja siku ya kuchukua mzigo wake.

Baba yake mjomba alikuwa Mpangwa, asili yake milima ya Ludewa inayoangalia Ziwa Nyasa. Wapangwa waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kabla Wajerumani hawajafika huku, na si ajabu, maana Liganga, mlima wenye madini ya chuma unaotajwa kila serikali inapozungumzia viwanda, uko Ludewa hiyo hiyo. Wazee wale walifua majembe yaliyovuka milima na mito kwa biashara na kwa mahari. Halafu likaja jembe la meli, la bei nafuu, na tanuru zikazimika moja baada ya nyingine. Baada ya Uhuru majembe ya kiwanda cha UFI cha Ubungo na cha ZZK cha Mbeya yalijaza maduka hadi vijijini. Mhunzi hawezi kushindana na kiwanda kwa bei ya jembe. Mjomba alilijua hilo mapema na hakupoteza nguvu zake hapo. Alishika vile ambavyo kiwanda hakikujisumbua navyo: nyengo za kufyekea majani kwenye mashamba ya ngoro ya Umatengo, miundu, tezo za wachonga vinu, visu vya wachinjaji, na zaidi ya vyote, visu vya wagema ulanzi, pombe ya mianzi.

Kisu cha ulanzi ndicho kilicholeta habari yote ninayotaka kuieleza. Mgema huikata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, kila mara akiondoa kipande chembamba tu, ili utomvu uendelee kudondoka ndani ya mbeta, chombo cha kuukingia. Kisu kinene hakikati chipukizi, kinalisukuma na kulipasua, na mwanzi uliopasuka haurudi kutoa. Kwa hiyo mgema anataka kisu chembamba kuanzia mgongoni hadi makalini, chenye ubavu ulionyooka, kinachopita bila kusita. Mvua za masika ndizo msimu wa ulanzi, na kabla ya msimu wagema walikuja bandani wakiwa na visu vyao vya zamani vilivyoliwa na kinoo vikabaki upana wa kidole. Vipya walivipitishia kidole gumba mgongoni, wakavitazama kwa jicho moja dhidi ya mwanga wa mlango. Hakuna mteja niliyemwogopa kuliko mgema.

Nyundo peke yake haimalizi kisu cha namna hiyo. Hata mkono wa fundi ukiwa mtulivu kiasi gani, nyundo huacha vibonde na vilima, na moto huacha magamba meusi. Ili ubavu unyooke lazima chuma kiondolewe, na kuondoa chuma baridi bila umeme maana yake ni tupa. Hapo ndipo fedha ya kisu kimoja ilipokwenda kununua zana ya kutengenezea kisu kinachofuata, na nyumbani ikabaki ya chumvi.

Siku moja mjomba aliitwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, akapige upya komeo la mlango. Fundi wa mashine alikuwa amefungua injini ya Lister, ile ya kuzungusha kwa hendeli, na alikuwa anaikalisha beringi mpya ya risasi nyeupe. Alikipaka kikonzo rangi ya bluu, akakizungusha ndani ya beringi, akakitoa, akatazama bluu ilipogusa. Kisha akachukua tupa ya pembetatu iliyokwisha, aliyokuwa ameisaga meno yote hadi ikabaki laini pande zote tatu, na kwa ukingo wake akakwangua pale tu penye bluu. Vipande vidogo vya metali vilijikunja na kudondoka. Akapaka tena, akazungusha tena, akakwangua tena. Mjomba alisahau komeo. Alichuchumaa pale mpaka beringi ikakaa.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kile chombo ni nini.

"Ilikuwa tupa," alisema. Hatua chache mbele akaongeza, "Mjomba, sisi tuna tupa ngapi zilizokufa pale nyumbani?"

Zilikuwa ndooni, chini ya benchi, hatukuwa tumezihesabu kamwe. Jioni ile alizimwaga zote chini.

Alianza kwa kujaribu moja tu, bila kuifua. Alisugua ukingo mmoja wa tupa bapa kwenye jiwe la mto mpaka meno yakaisha na ukingo ukawa na pembe kali, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta juu ya panga lililokuwa bado halijachovywa. Iliparua kidogo, ikaruka, ikateleza. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliona kile kidogo kilichoparuliwa, akakiokota kwa ncha ya kisu, akakiangalia mlangoni. Kilikuwa kipande kimoja kilichojikunja, si unga. Tupa hutoa unga. Hiki kilikatwa.

Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini ilikata na kwa nini ilikwama. Chuma cha tupa kina kaboni nyingi, zaidi ya asilimia moja, na kiwandani kimechovywa hadi kikawa kigumu kuliko karibu kila kitu kilichomo katika karakana ya kijijini. Springi ya lori ina kaboni karibu nusu ya hiyo, na ikipozwa polepole inalainika sana. Kigumu kinakata laini, mradi laini iwe laini kweli. Panga lile la kwanza lilikuwa limetolewa motoni likawekwa chini, upepo ukalipoza haraka, na chuma cha springi kikipozwa upesi kinabaki na ubishi. Mjomba hakuwa na maneno ya kaboni na asilimia, lakini alifika mahali hapo hapo kwa njia yake. Usiku ule alilipasha panga mpaka sumaku ya spika ya redio ikakataa kulishika, akalifukia katika debe la majivu makavu, akaliacha hadi asubuhi. Majivu yalikuwa bado na joto tulipolitoa. Safari hii tupa haikuteleza.

Basi akatengeneza kikwangulio chenyewe, na hapa nataka kwenda taratibu, kwa kuwa nimeona watu wakikitengeneza vibaya.

Alichagua tupa bapa nene, ile ndefu zaidi, isiyo na ufa. Kabla ya moto aliondoa meno yote pande zote mbili, kwa kinoo na maji, kazi ya kuchosha mikono, nikaifanya mimi. Nilidhani ni usafi tu. Sababu ni kubwa zaidi: kila jino ni kovu dogo, na chuma kigumu kikizamishwa majini kikiwa chekundu kinaanza kupasuka penye kovu. Halafu aliipasha tupa na kufua ncha zote mbili ziwe mikia, akaikunja kidogo mikia hiyo kuelekea juu ili mikono isigonge kazi. Katikati aliacha bapa, unene wake ule ule. Akaifukia majivuni ilainike, na siku ya pili akanyoosha ukingo kwa tupa hai, tupa moja ya mwisho tuliyokuwa nayo. Ukingo haukuwa mwembamba kama wa kisu. Ulikaribia pembe mraba, umelala upande mmoja kidogo tu, na katikati ulikuwa umebinuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni mpaka uweke kitu kilichonyooka juu yake. Ubinuko huo una maana. Ukingo ulionyooka kabisa hugusa kazi kwa urefu wake wote, nao huanza kutetema. Uliobinuka hugusa kidogo na kula ndani.

Kuchovya kulifanyika jioni, jua limezama. Mjomba hakuchovya chochote mchana, alisema jua linadanganya rangi, na katika hilo alikuwa sahihi: wekundu unaouona gizani huuoni kwenye mwanga. Nilizungusha rimu polepole. Aliisogeza tupa juu ya mkaa huku na huku ili katikati ipate moto sawa, akaijaribu kwa sumaku, akaongeza moto kidogo kupita pale sumaku inapokataa, ambapo leo najua ni karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Halafu akauzamisha ukingo tu katika maji ya chumvi yaliyotiwa vuguvugu, mikia ikabaki juu, laini, isije ikavunjika mkononi mwa mtu. Ilipiga kelele fupi. Aliitoa, akaisikiliza. Ufa una sauti, ting ndogo, na hatukuisikia. Akaisugua ing'ae, akaipasha tena mbali na moto mpaka rangi ya njano hafifu ya majani makavu ikatambaa hadi ukingoni, akaizima. Kisu cha kawaida angekiacha kiende hadi kahawia, wengine hadi zambarau, kwa sababu kisu kinapigwa na kupindwa. Kikwangulio hakipigwi. Kinahitaji ugumu kuliko uvumilivu.

Mipini ilikuwa ya mninga, mifupi, minene, inayojaza kiganja.

Kilichobaki ni mahali pa kufungia kazi, na hilo ndilo lililomchukua muda zaidi. Jiliwa lilishika upande mmoja tu, kisu chembamba kikapinda kikisukumwa. Mwishowe alileta gogo gumu lililochanwa nusu, akaliinamisha kwa kulichongea miguu mirefu mbele na mifupi nyuma, akachimbia juu yake pete mbili za chuma. Kisu kililala bapa juu ya gogo chini ya pete, na kabari mbili za mti zikakikaza. Ukitaka kugeuza ubavu, gonga kabari, geuza, gonga tena. Fundi alikaa nyuma ya gogo ametanua miguu, akaegemea mbele, na kusukuma kikwangulio kwa uzito wa kifua, si kwa misuli ya mikono. Alinirudia mara nyingi: "Usisukume, mjomba. Egemea."

Nilijifunza juu ya gogo lile. Kwanza unaondoa magamba ya moto, maana gamba ni gumu kuliko chuma lilichokifunika na linaua ukingo wa kikwangulio mara moja. Mjomba alivilaza visu usiku kucha katika ulanzi uliochacha. Ulanzi ukikaa siku nyingi unageuka siki, haunyweki tena, na wagema walitupatia bure. Asubuhi magamba yalifutika kwa kitambaa na mchanga. Halafu unaanza kukwangua, lakini si kufuata urefu wa kisu. Unapita mshazari kutoka kulia, na baada ya kumaliza ubavu wote unapita mshazari kutoka kushoto, alama za mpito wa pili zikikata za mpito wa kwanza. Ukienda njia moja tu, mtetemo mdogo wa mwanzo unaacha mawimbi, na mpito unaofuata unayapanda mawimbi yale yale na kuyaongeza, hadi kisu kinatapakaa vilima. Ukikatiza, unayavunja. Ukisikia mlio mkali ujue umeinua kikwangulio mno. Ukisikia kimya ujue kinateleza. Mlio wa kazi nzuri uko katikati, mzito na mkavu, na fundi aliyeko nje anayepiga gumzo na mteja anaujua bila kugeuka.

Maranda ya chuma yalilundikana chini ya gogo, yanametameta. Hayo yaliokotwa yote kila jioni, kwani yalichoma nyayo na kuku wa nyumbani waliyadonoa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kiasi cha chuma unachoweza kuondoa kwa tupa bila kuona mahali ulipokosea kwa nyundo. Kwa kikwangulio nilijifunza kusoma ubavu wa kisu: palipo na bonde kikwangulio hakigusi, doa jeusi linabaki, palipo na kilima panang'aa mapema. Unafukuza madoa meusi mpaka yaishe. Lilipotoweka la mwisho, ubavu ulikuwa umenyooka, na hapakuwa na haja ya kuuliza. Tupa haikutupa elimu hiyo, kwa sababu tupa hukuna kila kitu kwa pamoja na kuficha vibonde chini ya mikwaruzo.

Makali hatukuyamaliza kwa kikwangulio. Tuliyaacha na unene wa karibu milimita moja, maana kisu chenye makali ya karatasi kikichovywa hupinda au kupasuka. Springi tuliichovya katika oili chafu iliyopashwa kidogo, si maji, kisha tukairudisha kwenye moto mdogo ipoteze ukavu. Baada ya kuchovya kikwangulio hakina kazi tena, chuma kimekuwa kigumu karibu sawa na chenyewe. Kinachofuata ni mawe ya mto, la kukwaruza na la kulainisha, na maji. Lakini kazi ya mawe sasa ilikuwa ndogo, kwa kuwa umbo lilishakamilika.

Kikwangulio nacho hupoteza ukali. Kila baada ya ubavu mmoja au miwili tulikisugua kwenye kinoo, pita chache tu, na kikarudi. Tupa iliyokwisha meno imekwisha. Kikwangulio kinanolewa mpaka kiishe chenyewe, na kile cha kwanza tulikinoa kwa miaka. Mjomba aliendelea kununua tupa, lakini sasa moja ilikaa muda mrefu, ya kunyooshea shingo ya mkia na pembe ambazo kikwangulio hakifiki. Nilianza kuona unga wa ngano nyumbani siku ambazo hazikuwa sikukuu, na dada zangu wawili, binti zake, walivaa viatu vya shule vipya Januari ile.

Vikwangulio vikaongezeka. Alitengeneza chembamba cha kuchimba mfereji ubavuni, na kingine kilichopinda kwa ajili ya tumbo la mundu na la tezo. Kuelekea tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea viongozi wa Vita vya Majimaji, walikuja watu wa vikundi vya ngoma kutaka mikuki mifupi ya kuchezea. Mkuki una uti katikati ya jani, nao hauwezekani kwa tupa bapa. Kwa kikwangulio kilichopinda mjomba aliukata uti ule ulionyooka toka shingoni hadi nchani, pande mbili zikifanana. Namkumbuka akiushika mmoja juu, kimya, akiugeuza geuza kwa muda mrefu kuliko mahitaji ya mteja. Babu zake walifua kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe. Yeye alifua kwa springi ya Isuzu, lakini mkono ulikuwa ule ule, na nadhani ndicho alichokuwa anakiangalia.

Mafundi wengine wa Lizaboni na Bombambili walikuja kutazama. Mjomba hakuficha. Baadhi waliona ni kazi ya polepole wakaondoka, wengine walirudi na tupa zao zilizokufa, wakaketi jioni wakisugua meno. Simlaumu aliyeondoka. Kikwangulio kinadai subira ya kulainisha chuma usiku mzima kabla ya kazi ya siku moja, na mtu anayedaiwa kodi ya banda hana usiku wa ziada.

Halafu umeme ukatulia. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, mji ukaingia gridi ya taifa, na zile mashine za dizeli zikapumzika. Ni jambo lililobadilisha maisha ya mji wetu, na sina neno baya juu yake. Grenda zikaingia kila banda. Kazi ya geti iliyochukua wiki sasa inaisha kwa siku mbili. Lakini kwa visu, hasa visu vyembamba, nimeona hasara kwa macho yangu. Jiwe la grenda linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na ukingo mwembamba hauna mahali pa kupeleka joto. Kabla fundi hajainua mkono, ukingo umegeuka bluu, na bluu juu ya chuma kilichochovywa ni karibu nyuzi 300: pale ugumu umeshaondoka. Kisu kinang'aa, kinapendeza mezani, mgema anakinunua, na baada ya siku chache kinajikunja makali. Anarudi kulalamika, fundi anamwambia chuma cha siku hizi ni kibovu. Chuma hakina kosa. Kilipikwa.

Kikwangulio hakiwezi kuunguza kisu. Kazi yake yote inafanyika kwenye chuma baridi, kabla ya kuchovya, na joto linalozalishwa na mikono ya mtu halitoshi hata kukausha jasho. Hakirushi cheche machoni. Hakimezi mawe ya kununua. Na hakisimami Tanesco ikikata.

Nilipohamia Dar es Salaam nilikuja kusoma kuhusu wafua panga wa Japani, wale ambao panga zao zinahifadhiwa makumbusho duniani kote. Nilitarajia habari za siri na maajabu. Nikakuta picha ya mtu amekaa nyuma ya ubao ulioinama, upanga umebanwa kwa kabari, mikononi ana chuma bapa chenye mipini miwili. Wanakiita sen. Wanakwangua upanga ungali laini, kabla ya kuuchovya, kwa sababu zile zile. Niliitazama picha ile kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mjomba hakuwahi kuona kitabu cha Japani. Alichoona ni fundi wa mashine ya kusaga akikalisha beringi. Na wale wanaounda mashine za kukereza vyuma, zenye kudai unyoofu mkubwa, mpaka leo wapo wanaomalizia vitanda vya mashine hizo kwa kikwangulio na rangi ya bluu, kwa mkono.

Mjomba ametangulia mbele za haki. Banda sasa ni la binamu yangu, mwanawe, limejengwa kwa tofali na lina mashine ya kuchomelea na grenda mbili. Riziki yake kubwa ni madirisha na mageti. Lakini masika ikikaribia, wagema wakianza kuingia mlangoni na visu vyao vya upana wa kidole, analiburuta gogo kutoka nyuma ya nyumba na kutoa vikwangulio vya baba yake. Alijaribu kuvimaliza visu vyao kwa grenda msimu mmoja, wagema wakavirudisha. Wanalipa zaidi kwa cha kukwanguliwa, na wanasubiri.

Vijana wanaotoka vyuo vya VETA na karakana za SIDO wanajua kuchomelea vizuri, na wengi wanajua mashine ambazo mjomba hangeweza kuzitaja. Naomba walimu wao wawape na hiki. Hakihitaji bajeti. Kinahitaji tupa moja iliyokwisha, ambayo kila karakana nchini inayo na kila karakana inaitupa. Chagua iliyo nene na isiyo na ufa, ondoa meno yote kabla ya kuitia motoni, ichovye jioni, na uirudishe isizidi rangi ya njano hafifu. Kisu unachotaka kukikwangua kilaze majivuni usiku mzima.

Kisha egemea, usisukume.